Cour hailombake pesa ku telefone

«Allô, papa? Ni ku Cour de cassation, Kinshasa. Dosiye yenu iko mbele yangu hapa. Muamuzi anaenda kusaini leo, paka kunabakia frais ya 150 dolari. Mutume ku M-Pesa mbele ya saa kumi. Kama haiko vile, dosiye inarudi chini.»

Maneno ya namna hii yanazunguka mu cité za wafanyakazi, Kolwezi, Likasi, Kipushi, Lubumbashi. Sauti ni ya mutu wa adabu. Anajua jina yako, jina ya kampani, hata mwaka yenye ulifukuzwa ku kazi. Anasema Kifaransa ya biro, kiisha anatia Swahili kidogo juu usiogope. Nyuma ya ile sauti hakuna muamuzi, hakuna karani, hakuna Cour. Kuko mwizi na kadi ya telefone.

Wengi wanahesabu hasara hivi: pesa imepotea, basi, Mungu atalipa. Sisi watu wa sendika ya mine tunasema hesabu ile haitoshi. Mwizi wa telefone anaiba vitu viwili. Cha kwanza ni pesa. Cha pili ni wakati, na wakati ndani ya mambo ya tribinali ni haki yenyewe. Wakati wewe unangoja «greffier» wa telefone asainishe karatasi, délai ya kweli inatembea. Siku unaamuka, pesa haiko, na haki yako ya kusamba imekufa. Pesa mutu anaweza kutafuta tena. Délai yenye imepita hairudi.

Juu ya ile tuseme njia vizuri, maana mutu mwenye anajua njia hapotezwi na kila mutu anakutana naye.

Mambo ya kazi kati ya mufanyakazi na patron yanaanza ku Inspection du travail. Code du travail yetu, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 yenye ilirekebishwa mu 2016, inalazimisha vile: tribinali haiwezi kupokea mambo ya mutu mumoja kama hayakupita kwanza mbele ya inspecteur juu ya kutafuta kupatana. Pale munatoka na procès-verbal. Kama mumepatana, inaandikwa. Kama hamukupatana, inaandikwa vilevile, na ile karatasi njo mulango wa kuingilia ku Tribunal du travail. Fasi yenye Tribunal du travail haijafunguliwa, Tribunal de grande instance inashika ile kazi. Mwenye hakuridhika na hukumu anapanda ku Cour d'appel. Nyuma ya Cour d'appel kunabakia mulango mumoja, Cour de cassation, Kinshasa, mu Gombe.

Ile Cour ya juu haianzi mambo upya. Haiulizi tena nani alichelewa ku équipe ya usiku ao nani alivunja mashini. Inaangalia paka kama wale wa chini walifwata sheria. Kama hawakuifwata, inavunja hukumu yao. Kupeleka pourvoi kule, kwa kawaida uko na miezi 3, kuanzia siku huissier alikuletea hukumu kwa njia ya signification. Na barua haiandikiwe na kila mutu: inalomba sinyatire ya avoka wa Barreau près la Cour de cassation. Avoka wa kawaida wa hapa kwetu, hata akiwa hodari, haitoshi. Défenseur judiciaire ni chini zaidi: yeye hana hata ruhusa ya kusamba mbele ya Cour d'appel.

Sasa chukua hii njia, uweke pembeni ya ile sauti ya telefone. Utaona mashimo mara moja.

Shimo la kwanza: jina. Wezi wengi wanasema bado «Cour suprême de justice», juu wazee wetu walizoea lile jina. Lakini Constitution ya 18 Februari 2006 iligawanya ile Cour mara tatu: Cour constitutionnelle, Conseil d'État na Cour de cassation. Zote tatu zimekwisha kuanza kazi. Kwa hiyo barua yenye inafika leo na kichwa cha Cour suprême de justice, hata kama iko na kashe tatu na bendera, ni karatasi ya uongo. Na mutu mwenye anakuambia mambo yako ya kazi na kampani yanasambishwa ku Cour constitutionnelle, muulize vizuri. Ile Cour kazi yake ni kulinda Constitution, na kusambisha mambo ya uchaguzi wa Président na wa wabunge wa taifa. Décompte final yako haiko kule.

Shimo la pili: pesa «imetoka». Mwizi anasema, «Papa, pesa yenu imefika ku Cour, lipa frais ya kuitosha.» Cour de cassation haina kaisse ya kulipa wafanyakazi. Haihesabu mishahara, haigawanyi dolari. Anayelipa ni patron. Kama anakataa, huissier njo anafwata na hukumu yenye iko na formule exécutoire. Kila mutu mwenye anasema pesa yako inalala ku Cour na inangoja wewe utume ya kuifungulia, anakudanganya.

Shimo la tatu: njia ya kulipa. Ndiyo, frais ya tribinali iko, hatutaficha. Lakini pesa ya Serikali iko na njia yake: unapata note de perception, unaipeleka ku banki, banki inakupatia bordereau, unairudisha ku greffe, unachunga kopi. Pesa ya Serikali haipiti ku M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ya mutu. Mbele ya kubonyeza kodi yako, angalia jina yenye inatokea ku telefone. Kama unaona jina ya mutu, jua pesa inaenda kwa ule mutu. Jina ya Trésor public haitatokea pale hata siku moja.

Shimo la nne: haraka na siri. «Mbele ya saa kumi. Usiambie wengine, maana kila mutu atataka.» Article 20 ya Constitution inasema audience za Cour na tribinali ni za watu wote, isipokuwa ikionekana kama zinaweza kuharibu utulivu ao tabia njema. Article 21 inasema kila hukumu inaandikwa, inatolewa sababu, na inasomwa mbele ya watu wote. Kitu chenye sheria inataka kisomwe mbele ya watu, namna gani mutu atakuuzisha kwa siri ku telefone?

Hapa tunasikia jibu la ndugu zetu, na ni jibu lenye uzito. Wanasema: «Ninyi wa sendika munasema vile, lakini hata bale ba kweli ku ma biro banaomba makuta. Bila kupana kitu, dosiye haitembei. Sasa tutajua namna gani huyu ni mwizi, na huyu ni mukubwa mwenye anataka sukari yake?»

Hatutakataa. Kila mutu mwenye ametembea na dosiye mu hii inchi anajua kitu chenye wanasema. Na kwa kweli, pale njo mwizi anapata nguvu. Yeye anavaa koti yenye tumezoea kuona ku mabega ya wengine. Kama tungekuwa na desturi ya kulomba reçu kila mara, sauti yake ingekufa ku maneno ya kwanza.

Lakini hebu fikiri kidogo. Mutu akikulomba makuta bila karatasi, wewe hauna lazima ya kujua kama ni wa kweli ao wa uongo. Jibu ni moja: «Nipatie note de perception.» Akiwa mwizi, atakata telefone. Akiwa wa biro, atajua uko na macho. Na ukimupatia ile pesa ya chini ya meza, umejifunga mwenyewe, maana Code pénal inapiga pande mbili, mwenye anapokea na mwenye anapana. Patron akisikia, atakuwa na neno la kusema juu yako. Mufanyakazi mwenye hukumu yake iko safi, ya nini aichafue na mikono yake?

Kuko sababu ingine yenye inalisha wezi: luga. Convocation inakuya mu Kifaransa. Hukumu ni mu Kifaransa, na si Kifaransa ya masomo ya primaire: «attendu que», «par ces motifs», «dit recevable mais non fondée». Mutu alifanya miaka 25 chini ya udongo, anajua jiwe kuliko mwenye aliandika karatasi ile, lakini anashika hukumu yake mu mikono na hajui kama ameshinda ao ameshindwa. Anatafuta mutu wa kumusomea. Mutu ule anasoma, anapiga foto, anaitia mu grupu ya WhatsApp «juu wengine wasaidie». Ndani ya foto kuko jina, numero ya dosiye, jina ya kampani, na pembeni numero yako ya telefone. Kesho mwizi hahitaji kuwa mulozi juu ya kujua mambo yako. Ulimupatia yote.

Na hasa wanaumia wale wenye wamengoja sana. Wazee wa départ volontaire ya Gécamines, zaidi ya watu 10.000 wenye walitoka ku kazi mu 2003 na 2004 na pesa ya Banque mondiale, wanajua kungoja ni nini. Wengi kati yao walisema pesa yenye walipewa haikulingana na miaka ya kazi yao, na madai yao yamepita miaka 20. Wengine wamekufa, wajane na watoto njo wanafwata. Kwa mutu kama ule, sauti yenye inasema «pesa imetoka» ni kama mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi. Usimucheke. Usiseme ni mujinga. Alitumikia inchi, akangoja, na matumaini yake njo mwizi alitumia kama funguo.

Juu ya ile, tunalomba kitu kwa familia: muache haya. Mutu akidanganywa, ananyamaza, anaogopa bibi atamusema, watoto watamucheka. Kimya yake inapatia mwizi siku ingine ya kazi, na jirani anapigiwa telefone jioni ileile. Kama umetuma pesa, piga mara moja ku agence ya ile mobile money, ulombe wafunge transaksyo kama bado inawezekana. Usifute mesaje hata moja. Andika numero, siku, saa, jina yenye ilitokea. Kiisha nenda ku police ao ku Parquet, utie plainte. Kujifanya mukubwa wa Cour na kupokea pesa ya mutu kwa jina ya uongo ni escroquerie, article 98 ya Code pénal livre II. Na tangu 13 Machi 2023 kuko Code du numérique yenye inahusu wizi wa namna hii unaopita ku telefone na ku intaneti. Parquet iko na uwezo wa kuuliza kampani ya telefone ile numero ni ya nani. Wewe peke yako hauna ule uwezo, lakini plainte yako njo inafungua njia.

Sasa, namna gani kufikia Cour ya kweli? Hapa watu wanasema, «Kinshasa ni mbali.» Ni kweli. Kutoka Lubumbashi hata Kinshasa ni zaidi ya kilometre 1.500, na tiketi ya ndege inakula mishahara mingi. Lakini kuwa mbali haimaanishi kuingia mu mikono ya mutu usiyemujua.

Kama mambo yako iko bado ku tribinali ao ku Cour d'appel ya hapa, nenda wewe mwenyewe ku greffe, saa za kazi, na numero ya dosiye: RT kama ni ya tribinali, RTA kama ni ya appel. Usiende peke yako, mwende wawili, mumoja akuwe délégué ao mutoto mwenye anasoma Kifaransa vizuri. Lomba karani afungue rejista, akuonyeshe fasi yenye dosiye inapatikana na tarehe ya audience. Andika ile tarehe mu kayé yako. Kila barua yenye unaweka, weka na kopi, na kopi ipigwe kashe ya kupokelewa na tarehe. Ile kopi ni maisha yako.

Kama mambo imefika ku Cour de cassation, avoka wako njo mudomo wako kule. Mbele ya kumupatia franka moja, pita kwa bâtonnier, ku biro ya Barreau ya Lubumbashi ao ya Lualaba, uulize kama jina yake iko ku tableau, na kama iko ku Barreau près la Cour de cassation. Ile kuuliza si matusi. Avoka wa kweli hakasirike. Mulombe kopi ya requête yenye iko na kashe ya greffe ya Cour, na reçu ya kila pesa. Na kama mutu anakupigia na kusema anatoka ku Cour, usimujibu kitu, usimupatie kodi, usimutumie foto ya carte d'électeur. Kata, kiisha piga wewe mwenyewe kwa avoka wako, ku numero yenye ulikuwa nayo tangu zamani, haiko ile yenye alikupatia sasa.

Hii yote ni kazi ya mufanyakazi. Lakini haiko haki tumubebeshe yeye peke yake muzigo wote. Kuko na vitu vyenye tunalomba kwa wakubwa.

Kwa wakubwa wa Cour na tribinali: mutundike ku mulango wa kila greffe karatasi moja kubwa, yenye kusema frais ni ngapi, inalipiwa wapi, na kama hakuna karani mwenye ruhusa ya kulomba pesa ku telefone. Muandike mu Kifaransa na mu Swahili. Article 1 ya Constitution inataja Swahili kati ya luga ine za taifa na inaagiza Serikali izitukuze. Tuanze pale, ku mulango wa greffe. Haihitaji budget. Karatasi, kalamu na misumari ine inatosha.

Kwa makampani ya telefone: mutu akileta alama ya wizi, mumusikilize siku ileile, msimurudishe kesho na kesho kutwa, maana pesa ya wizi inatoshwa ku kabini saa moja nyuma.

Na kwa sendika zote, yetu ndani yake: kila délégué mwenye anapokea pesa ya dosiye apane reçu yenye numero, mbele ya mushuhuda. Kila mwezi dosiye zenye ziko ku tribinali zisomwe mu mukutano wa wafanyakazi: imefika wapi, audience ni lini, délai inaisha lini. Mutu mwenye sendika yake inamupatia habari, hana njaa ya habari ya mwizi. Na wajane waalikwe mu ile mikutano, juu dosiye ya mufu inabakia yao.

Bamama, bazee, ndugu wa équipe zote: juma hii mufungue anvelopu yenye iko chini ya godoro. Tafuta karatasi yenye huissier alileta. Soma tarehe yenye iko juu, ao lomba mutoto akusomee. Hesabu miezi 3. Kumbuka tena kama madai ya mushahara yanazeeka upesi: kwa kawaida mwaka 1 tangu siku ulipaswa kulipwa, na madai ingine ya kontra ya kazi ni miaka 3. Kama siku zimebakia kidogo, kuya ku biro ya sendika kesho asubui na anvelopu yako, usingoje mwisho wa mwezi.